Kombe la Kibandani Huanzia kwenye Daftari: Jinsi ya Kuchagua Kikosi kwa Zamu

Hapa Kirumba, Mwanza, tuna ligi ya gemu ya mpira ya watu wanane. Hatuchezi na Real Madrid au Manchester City kama zilivyo. Tunavunja timu zote, tunaweka wachezaji wote kapu moja, halafu kila mtu anachagua kwa zamu mpaka apate kumi na wanane wake. Kibanda cha gemu ninachokisimamia kiko hatua chache kutoka Mwaloni, soko la dagaa, na wanaokuja ni watu wa humu humu: dereva wa bodaboda, fundi simu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT anayepanda daladala kutoka Nyegezi, dada anayeuza vitenge Makoroboi, wachuuzi wawili wa dagaa. Karibu wote pedi, ile ya mkononi ya kuchezea gemu, wanaijua vizuri. Kinachomtenga anayebeba kombe na anayeshika mkia mara nyingi si vidole. Ni ule usiku wa kuchagua, na kazi aliyoifanya kwenye daftari kabla ya usiku huo.

Naandika kwa ajili ya wewe unayetaka kuanzisha ligi ya namna hii kwenu, iwe Buzuruga, Sengerema, Musoma au Ukerewe, na kwa ajili ya wewe ambaye tayari unacheza lakini kila msimu unajikuta na mastaa watatu mbele na mabeki wanaoachwa kama wamefungwa mawe miguuni. Sisi tunatumia EA Sports FC 25, toleo la gemu zilizoshika nafasi ya zile za FIFA baada ya kampuni ya EA na shirikisho la FIFA kuachana. Toleo la mwisho lenye jina la zamani lilikuwa FIFA 23. Majina na alama nitakazotaja ni za FC 25. Kama mnatumia toleo jingine, au mnacheza gemu nyingine ya mpira kama eFootball, majina yatabadilika lakini hesabu ni ile ile.

Kubalianeni sheria kwanza

Msiguse jina la mchezaji hata mmoja kabla ya kukubaliana mambo haya. Kila mtu atachagua wangapi? Sisi ni 18, na wawili kati yao lazima wawe makipa. Kila zamu ina muda gani? Dakika moja inatosha. Ikipita, unasogezwa mpaka baada ya mtu anayefuata. Je, kubadilishana wachezaji kunaruhusiwa katikati ya msimu? Ruhusuni, lakini mara moja tu, ligi ikifika nusu.

Umeme ukikatika je? Hili liandikwe, maana ugomvi wake ni mkubwa. Kwetu, ukikatika kabla ya dakika ya 60 ya saa ya kwenye gemu, mechi inaanza upya. Ukikatika baada ya hapo, wawili hao wanacheza kipindi kimoja kipya na mabao yanajumlishwa na yale ya mwanzo.

Jingine ni orodha ya wachezaji. Gemu hupokea apdeti za vikosi kupitia intaneti, na mtu akihama klabu au alama zake zikibadilika, daftari lako lote linayumba. Chagueni orodha ya siku moja, mkaisevu kwa jina lake, na ndiyo hiyo hiyo mpaka ligi iishe.

Namba za zamu tunazipata kwa vizibo vya soda. Vinane, vimeandikwa 1 mpaka 8 kwa kalamu ya wino mzito, vinatikiswa ndani ya mfuko mweusi, kila mtu anatoa kimoja. Fanyeni hivyo siku moja kabla ya usiku wa kuchagua, msifanye usiku ule ule. Mtu akishajua namba yake anapata muda wa kujipanga, na ligi yote inakuwa ngumu zaidi na tamu zaidi.

Zamu ya kwenda na kurudi

Duru ya kwanza inatoka 1 kwenda 8. Ya pili inarudi, 8 kwenda 1. Ya tatu inatoka tena 1. Kwa hiyo mwenye namba 1 anachagua mchezaji wa 1, kisha anasubiri wenzake wachukue 14, halafu anachagua wa 16 na wa 17 papo kwa papo, kisha wa 32 na wa 33. Mwenye namba 8 anachagua wa 8 na wa 9, halafu wa 24 na wa 25. Mwenye namba 4 anapata wa 4, wa 13, wa 20, wa 29.

Ziandike namba zako juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana wanashangaa usiku ule. Ukiwa namba 1, ukishamchukua mtu wako wa kwanza, usiwe na ndoto ya jina lolote kubwa lililobaki. Wachezaji 14 wataondoka kabla hujafungua mdomo tena. Lakini unaporudi unachukua wawili kwa mpigo, na hiyo ni nguvu. Unaweza kuchukua jozi nzima ya mabeki wa kati kabla mtu hajashtuka. Ukiwa katikati, namba 4 au 5, hutasubiri muda mrefu sana, ila huna zamu za jozi, kwa hiyo inabidi uwe macho zaidi kuhusu nafasi ipi inaanza kukauka.

Swali la kujiuliza kila zamu

Mtu mgeni akifikiwa na zamu hutazama alama ya jumla. Anaona Mbappé 91, Haaland 91, Rodri 91, anachukua aliye juu kabisa kati ya waliobaki, na anaendelea hivyo mpaka mwisho. Mwishowe ana timu yenye wastani mzuri na haishindi.

Swali lenye faida ni hili: nikimwacha huyu sasa hivi, zamu yangu ikirudi nitampata nani kwenye nafasi hiyo hiyo? Kama atakayebaki anafanana naye, mwache. Kama atakayebaki ni mbali naye, mchukue hata kama alama yake ya jumla ni ndogo kuliko ya winga mwenye jina. Wachuuzi wa dagaa kibandani kwangu walilielewa jambo hili mapema kuliko wote, na sishangai. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawapati kitu, na bei inapanda pale Mwaloni ingawa dagaa ni wale wale. Kilichobadilika ni waliobaki sokoni.

Hesabu yake ni rahisi. Watu wanane, kila mmoja ana kipa mmoja anayeanza: mahitaji ni 8. Mabeki wa kati wawili kila timu: 16, na anayecheza na watatu nyuma anaongeza. Mawinga wawili: 16. Straika mmoja au wawili: kati ya 8 na 16. Sasa hesabu kwenye gemu: wangapi ni wazuri kweli katika kila nafasi? Pale mahitaji yanapozidi wazuri, ndipo pa kukimbilia. Pale wazuri wanapozidi mahitaji, subiri.

Namna ya kuandaa daftari

Chukua daftari la kurasa nyingi, kila nafasi ipe ukurasa wake: makipa, mabeki wa kati, namba mbili (mabeki wa kulia), namba tatu (mabeki wa kushoto), viungo wakabaji, viungo wa kati, namba kumi (viungo washambuliaji), mawinga, mastraika. Fungua gemu, pitia wachezaji mmoja mmoja, usiandike alama ya jumla peke yake. Gemu inakupa makundi sita: kasi, umaliziaji, pasi, chenga, ulinzi na nguvu za mwili. Ndani ya kasi kuna vitu viwili tofauti, kuchomoka na mbio zenyewe. Mtu anaweza kuchomoka haraka akakamatwa baada ya mita ishirini, na mwingine, kama Haaland, akaanza taratibu lakini akishakolea hashikiki. Andika vyote viwili kwa mabeki na mastraika. Andika stamina kwa viungo na mabeki wa pembeni. Andika urefu kwa makipa na mabeki wa kati. Andika nyota za mguu dhaifu kwa yeyote atakayepiga golini. Son, Dembélé na Kane wana nyota tano, maana yake mguu wowote mpira ukiangukia unapiga bila kuzunguka.

Ukishaandika, panga majina kuanzia unayemtaka zaidi mpaka wa mwisho. Halafu fanya kazi ambayo wengi wanairuka: chora mstari mzito pale ubora unapoporomoka. Kwenye ukurasa wa mabeki wa kati, kwa mfano, utafika mahali ambapo majina yaliyo juu yana kasi na ulinzi pamoja, na majina yaliyo chini yana kimoja tu. Hapo chora. Chini tena kuna mahali pengine pa kuporomoka, chora tena. Usiku wa kuchagua hutazami majina, unatazama mistari. Juu ya mstari wakibaki watano na zamu yako iko mbali kidogo, tulia. Wakibaki wawili, chukua.

Mwanafunzi wa SAUT ninayemtaja ana daftari la aina hii ambalo limefutwafutwa na penseli mpaka karatasi imekuwa na manyoya. Kalamu nyekundu ni ya waliochukuliwa na wengine, bluu ni ya wake. Pembeni ya kila jina ameandika herufi moja tu: M kwa mbio, N kwa nguvu, P kwa pasi. Zamu ikifika anahitaji sekunde kumi, na dakika iliyobaki anaitumia kutazama nyuso za wenzake.

Mabeki wa kati ndio dhahabu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kombe hupatikana au hupotea katika ligi nyingi.

Mpira wa kibandani ni wa haraka. Mechi ni dakika sita halisi kila kipindi, nyuma yako kuna watu wanasubiri na kelele, na kila mtu anajua pasi ya kupenyeza. Bao la kawaida kabisa ni mpira mmoja mrefu nyuma ya mabeki, straika anakimbia, kipa anatoka, basi. Dhidi ya hilo huna dawa isipokuwa beki mwenye mbio. Na mabeki wa kati wenye mbio na ulinzi mzuri kwa pamoja ni wachache. Éder Militão, Micky van de Ven, Ronald Araújo, William Saliba, Antonio Rüdiger, Ibrahima Konaté, Dayot Upamecano. Ongeza wengine wachache unaowaamini, na bado hufikii wale 16 wanaohitajika. Wengine watacheza na watu wazito. Hakikisha mmoja wao si wewe.

Virgil van Dijk yuko juu kwa alama, 89, na anastahili. Ni mrefu, anasoma mchezo, kona zote ni zake. Lakini kasi yake haifiki 80, na ukimweka na mwenzake mzito kama yeye, dereva wetu wa bodaboda atakufunga matatu kabla ya mapumziko. Van Dijk mpe mwenzake mwenye mbio. Jozi inayofanya kazi ni mmoja wa hewani na mmoja wa kukimbiza. Ukishampata wa kwanza, jina la pili unalolitafuta limeshajulikana, na unaweza kusubiri duru moja ukiwa na majina matatu mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu: kufikia zamu yako ya nne, uwe na angalau beki mmoja wa kati aliye juu ya mstari wako wa kwanza. Ukiwa namba 1 au 8, chukua wawili kwa mpigo katika zamu zako za jozi. Wenzako watauliza mbona unachukua mabeki wakati Salah bado yupo. Waache waulize.

Nafasi nyingine, kwa kifupi na kwa urefu

Kipa mcheleweshe. Courtois, Donnarumma, Alisson, Oblak, Ter Stegen, Ederson, Maignan, Kobel, Emiliano Martínez: hao tayari ni tisa, na mahitaji ni wanane. Wa mwisho kati yao bado ni kipa mzuri. Anayechukua kipa duru ya pili ametoa zamu ya thamani kununua kitu ambacho angekipata duru ya nane. Kuna usiku mtu mmoja anachukua kipa, wa pili anashtuka anachukua, wa tatu anafuata, na chumba kizima kinaingiwa hofu. Huo ndio wakati mzuri kuliko wote kwako, kwa sababu wakati wao wanagombania makipa, mabeki na viungo wanabaki. Tazama ukurasa wako, hesabu makipa waliobaki juu ya mstari, tulia. Na ukimpata, mtake mrefu. Kona za kibandani ni nyingi.

Mawinga nao wasikuharakishe. Vinícius, Salah, Saka, Leão, Yamal, Nico Williams, Dembélé, Raphinha, Doku, Martinelli, Sané, Coman, Mitoma, Kvaratskhelia. Unaweza kuendelea mpaka ukurasa ujae. Vinícius ni moto, sikatai. Lakini winga wa kumi na sita kwenye orodha hiyo bado anakimbia, bado anapiga chenga, na mikononi mwa mchezaji wa kawaida tofauti yake na wa tano ni ndogo sana. Duru ya sita mpaka ya tisa ndiyo saa ya mawinga.

Mabeki wa pembeni wana mtego wake. Upande wa kulia kuna Hakimi, Frimpong, na wengine wa kutosha. Kushoto wenye kasi kubwa wanaisha haraka: Alphonso Davies, Theo Hernández, Nuno Mendes, Balde, halafu pengo. Namba tatu mchukue kabla ya namba mbili. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu Hakimi ana jina.

Kiungo mkabaji ni nafasi ambayo napenda watu waifikirie vizuri. Rodri ni 91, sawa na Mbappé kwenye karatasi, na ni mchezaji wa ajabu kwa mtu anayepiga pasi fupi na kusubiri. Kasi yake haifiki 70. Kama mpango wako ni kuvamia na kurudi mbio, Rodri atakuwa anatazama mgongo wa kiungo wa wenzako. Hapo heri Federico Valverde, Declan Rice, Camavinga au Caicedo, watu wenye mapafu wanaofika pande zote. Ukiweza kupata wawili wa aina hiyo, cheza mfumo wa 4-2-3-1 na hutakuwa na usiku mrefu.

Straika: wa kwanza kabisa wana thamani kubwa, halafu kuna shimo, halafu kuna kundi kubwa la wanaofanana. Ukitoa kizibo namba 1, mchukue Mbappé bila kuwaza. Kasi yake ni 97 na hakuna beki kwenye orodha yangu anayemfikia. Haaland na yeye ni wa duru ya kwanza. Wale wawili wakishaondoka, usikimbilie wa tatu kwa hofu. Kane ni fundi, anapiga miguu yote miwili, lakini hatakukimbilia mpira mrefu. Mchukue tu kama una mawinga wa kumzunguka.

Wasome walioko mezani

Kuanzia duru ya tatu, ujuzi unahama kutoka kwenye gemu kwenda kwa watu. Tuseme wewe ni namba 7. Unachagua wa 7, kisha jirani yako namba 8 anachagua wa 8 na wa 9, kisha zamu inarudi kwako wa 10. Kati ya zamu zako mbili kuna mtu mmoja tu. Baadaye, kati ya zamu yako ya 23 na ya 26 ni yeye yule yule. Kwa hiyo usihesabu ligi nzima, mhesabu yeye. Kama tayari ana straika wawili, yule straika unayemtaka hataguswa. Chukua beki kwanza, straika utamkuta anakusubiri. Kama hana namba tatu hata mmoja na wewe huna, basi namba tatu ndiye wa kuchukua sasa hivi. Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa timu za majirani zako wa kulia na kushoto, uandike nafasi walizojaza. Wengine watano waweza kuwafuata kwa macho tu.

Mapenzi nayo yana sehemu yake. Mchuuzi wetu mmoja ni Arsenal mpaka ndani ya mifupa. Saka na Ødegaard atawachukua mapema, kila msimu, na Saliba akibaki anamchukua pia. Ukijua hilo, Saliba usimweke kwenye mipango yako kama zamu yake iko kabla ya yako. Aliposajiliwa Mbwana Samatta na Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kibandani watu walimgombania kwa duru za juu kabisa kwenye FIFA 20, na mimi nilifurahi kuona jina la kwetu likitajwa hivyo. Aliyetulia siku hizo aliokota mastraika wenye alama kubwa duru mbili baadaye. Mapenzi ni haki ya mtu, nami sitamwambia yeyote asichukue anayempenda. Ila apange mahali pa kumlipia: mpe mchezaji unayempenda duru moja, nyingine zote zipe timu.

Chagua kwa mikono yako na kwa pedi ya kibanda

Jambo hili halimo kwenye alama za gemu. Pedi za kibandani zinafanya kazi kutwa. Kijiti cha kushoto kinalegea, mpira wake wa juu umelika mpaka unaona plastiki, na mchezaji wako anavutwa pembeni kidogo hata usipomgusa. Kitufe cha kukimbia ukikibonyeza kinachelewa. Kwenye pedi ya namna hiyo, chenga za nyota tano zinazotaka mzunguko kamili wa kijiti cha kulia hazitoki. Umetoa zamu nzuri kwa mtu wa madoido, halafu madoido yenyewe huyapati.

Kwa hiyo kwenye kibanda, kasi, nguvu na pasi vina thamani kuliko chenga za kifundi. Messi bado ana miguu ya dhahabu kwenye gemu, lakini kasi yake imeshuka, na asiye na pedi nzuri na mikono mitulivu atanyang'anywa mpira kila mara. Kama mnachezea nyumbani kwa mtu mwenye pedi mpya, hesabu hii inageuka, na wachezaji wa chenga wanapanda thamani. Jua mtachezea wapi.

Jijue na wewe unachezaje. Dada wa Makoroboi hachezi krosi hata siku moja. Anapita katikati kwa pasi fupi fupi mpaka ndani ya boksi. Straika mrefu wa kichwa kwake ni mzigo, hata awe na 88. Anatafuta viungo wenye pasi na straika mwenye mguu dhaifu mzuri, na anawapata duru za chini kwa sababu wengine wote wanafukuza mbio. Kabla ya kuchagua, cheza mechi kadhaa ukijitazama: mabao yako yanatoka wapi? Andika. Kikosi kifuate hapo.

Duru za mwisho

Kuanzia duru ya 13 watu huchoka. Chai imeisha, karanga na michembe vimebaki makombo, wanataja majina ili waondoke. Wewe kaa. Benchi ndilo linalofunga dakika ya 80, kwa sababu gemu inapunguza stamina na winga wako wa kwanza akifika dakika ya 70 anakimbia kama amebeba gunia. Chukua winga mmoja mwenye mbio tu, hata kama hana kingine. Chukua beki anayeweza kucheza nafasi mbili. Chukua kiungo mwenye stamina kubwa. Kipa wa pili awe yeyote, atakaa tu.

Baada ya hapo kuna kazi ya mikono: kuwahamisha wachezaji ndani ya gemu. Kila mtu achague klabu ya kubeba kikosi chake, halafu kupitia sehemu ya uhamisho wa wachezaji mnawatoa waliopo na kuingiza wapya. Inachukua saa kadhaa kwa timu nane. Gawaneni, mmoja asome, mmoja abonyeze, mmoja ahakiki kwenye daftari. Sevuni kila mnapomaliza timu moja, msisubiri mwisho, maana umeme hauna ahadi. Na kabla ya kila mechi hakikisheni mmefungua sevu ya ligi, si vikosi vya kawaida vya gemu.

Kisha ingia kwenye mpangilio wa timu yako mpya. Weka mfumo, weka nahodha, na upange mwenyewe wapiga penalti, mipira ya adhabu na kona, kwa sababu gemu ikiachiwa inaweza kumpa beki wako penalti ya dakika ya 89. Kwa penalti tazama alama ya penalti yenyewe, si ya umaliziaji. Ni alama mbili tofauti kwenye ukurasa wa mchezaji, na mara nyingi mpigaji wako bora ni kiungo ambaye hukumtegemea. Cheza mechi mbili za kirafiki na jirani yako kabla ligi haijafunguliwa, ubadilishe mfumo kama mabeki wako wa pembeni wanaacha nafasi, halafu mpe msimamizi jina la timu yako aliandike kwenye karatasi ya ukutani.